Siri ya miamba ya kale: Kwa nini Migori ina dhahabu na Taita ina vito

MCHIMBAJI wa dhahabu wa Migori na mwenzake wa vito kule Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta, hufanya kazi inayofanana sana. Wote wawili huteremka shimoni, hupasua mwamba kwa nyundo na patasi, na jioni hupanda juu wakiwa wamegubikwa na vumbi.

Hata hivyo, yule wa Migori hatafuti kito cha kijani shambani mwake, na yule wa Kasigau hajisumbui kusaka dhahabu. Kila mmoja anajua ardhi yake ina nini, ingawa si wengi wanaojua ni kwa nini iko hivyo.

Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Imetokana na historia ya ardhi yenyewe, historia ambayo ni ndefu kuliko ya wanyama wote waliowahi kutembea juu yake. Kenya imekaa juu ya vipande viwili vya ardhi vyenye asili tofauti. Kipande cha magharibi ni sehemu ya kiini cha bara kongwe. Kile cha kati na mashariki ni mizizi ya safu ya milima iliyoinuka takriban miaka milioni 600 iliyopita na ambayo vilele vyake vimetoweka kabisa.

Kuielewa historia hii si anasa ya wasomi wa chuo kikuu. Ndiyo inayoamua madini gani yako chini ya shamba la nani, kisima kichimbwe wapi ili kitoe maji, na ni nani anayepaswa kuketi mezani kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Ukoko wa dunia

Kila mpishi anaujua ukoko, lile tabaka gumu linaloshika sufuria baada ya wali kuiva. Wataalamu wa jiolojia wamelichukua neno hilo kueleza tabaka gumu la nje la dunia, ambalo juu yake ndipo kuna mashamba, miji na bahari.

Ukoko huo ni wa aina mbili. Ule ulio chini ya bahari kuu ni mwembamba, wa takriban kilomita saba, na ni mzito. Kwa sababu ya uzito huo, hatimaye huzama na kurudi katika matumbo ya dunia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijatimiza miaka milioni 200.

Ukoko wa mabara, kwa upande mwingine, ni mnene na mwepesi. Katika sehemu nyingi unene wake ni kati ya kilomita 35 na 40, na chini ya safu za milima kama vile Himalaya hufikia kilomita 70. Kwa vile ni mwepesi, hauzami kwa urahisi. Hugongwa, hupondwa, hupikwa na kupasuka, lakini hubaki.

Kwa hiyo, anayetaka kujua mambo ya kale ya dunia hana budi kuyatafuta barani. Dunia yenyewe ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Miongoni mwa miamba mikongwe zaidi inayojulikana ni ile ya Acasta, kaskazini mwa Kanada, yenye umri wa takriban miaka bilioni 4. Chembe za madini ya zirkoni zilizookotwa katika vilima vya Jack Hills, magharibi mwa Australia, zina umri mkubwa zaidi, kwani baadhi yake zilifanyika miaka bilioni 4.4 iliyopita.

Afrika Mashariki haina miamba ya umri huo, lakini ina kitu ambacho si maeneo mengi yanayoweza kujivunia. Katika eneo dogo kiasi, msafiri anaweza kuvuka kutoka kiini cha bara kisichotikisika hadi mahali ambapo bara lilifumuliwa na kufumwa upya.

Kiini cha magharibi

Kiini hicho huitwa Kratoni ya Tanzania. Kratoni ni kipande cha bara ambacho kilitulia zamani sana na ambacho misukosuko iliyofuata haikuweza kukivunja. Kinaenea kutoka Dodoma na Singida, kupitia Tabora, Shinyanga, Mwanza, Geita na Mara. Kisha huvuka mpaka na kuingia Migori, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia, na kusonga mbele hadi kusini mashariki mwa Uganda.

Miamba yake mingi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sehemu yake ilianza kama lava iliyomwagika chini ya bahari, pamoja na matope na majivu ya volkano. Baadaye rojo la moto lilipenya kutoka chini, likapoa polepole na kuwa graniti. Majabali ya Kit Mikayi, eneo la Seme katika Kaunti ya Kisumu, ambayo watalii na waumini huyazuru, ni mabaki ya graniti ya enzi hizo.

Lava hizo za kale zilipofukiwa na kupashwa joto la kadiri, zilipata madini mapya yenye rangi ya kijani kibichi. Ndiyo sababu wataalamu huiita sehemu hii mikanda ya mawe ya kijani. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyozaa dhahabu.

Jinsi ilivyokuwa ni hivi. Mwamba wenye unyevu ndani ya madini yake ukipashwa joto la nyuzi mia kadhaa, maji hayo hutoka. Yakiwa moto na yenye chumvi za salfa, huyeyusha dhahabu kidogo kidogo kutoka katika miamba mingi na kuipandisha juu kupitia nyufa. Yanapofika mahali penye ubaridi na kani ndogo, huiacha dhahabu hiyo pamoja na mawe meupe ya kwazi.

Hivyo basi, mchimbaji wa Migori anayefuata mstari mweupe wa kwazi ukutani mwa shimo lake anafuata ufa ambao maji ya moto yalipitia zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Historia ya aina hiyohiyo ndiyo iliyoipa Geita utajiri wake, ikaleta mgodi wa Macalder huko Migori, uliochimbwa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966, na ikasababisha kishindo cha dhahabu cha Kakamega katika miaka ya 1930.

Bahari iliyofungwa

Upande wa mashariki hali ilikuwa tofauti. Zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, ukingo wa kratoni ulipakana na bahari kuu ambayo wataalamu wameipa jina la Bahari ya Msumbiji. Isichanganywe na mlango wa bahari ulioko leo kati ya Msumbiji na Madagaska, kwani bahari hiyo ya kale haipo tena.

Ushahidi wa kuwapo kwake umetapakaa kote nchini. Marumaru inayochimbwa Kajiado na West Pokot ilianza kama chokaa iliyotuama majini. Mawe meusi yenye grafiti yanayopatikana Taita na Ukambani yalianza kama matope yaliyochanganyika na mabaki ya viumbe wadogo wa baharini. Viumbe hao walipofukiwa na kupikwa, kaboni ya miili yao iligeuka kuwa grafiti, ile ile inayotiwa ndani ya penseli.

Ushahidi wa ajabu zaidi uko kaskazini. Katika milima ya Sekerr, Kaunti ya West Pokot, na katika maeneo ya Baragoi na Moyale, kuna miamba ya aina ambayo hutokea chini ya sakafu ya bahari kuu. Ni vipande vya ukoko wa bahari vilivyobanwa kati ya nchi kavu mbili, vikakwama na kubaki barani, mamia ya kilomita kutoka ufuoni.

Bahari hiyo ilifungwa kwa sababu ukoko wa dunia umegawanyika katika mabamba makubwa ambayo husogea sentimita chache kila mwaka. Mabamba mawili yakikaribiana, sakafu ya bahari iliyo kati yake huzama. Ikiisha kuzama, nchi kavu hugongana, na kwa vile hakuna iliyo tayari kuzama, ukoko hukunjamana na kuwa mnene maradufu.

Ndivyo ilivyokuwa India ilipoigonga Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita na kuiinua Himalaya. Ndivyo pia ilivyokuwa hapa, kati ya miaka milioni 650 na 500 hivi iliyopita, sehemu za bara kuu lililokuja kuitwa Gondwana zilipokutana. Mshono wa mgongano huo unaanzia Misri na Saudi Arabia, hupitia Sudan, Ethiopia, Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska, na kuishia Antaktika.

Miamba iliyopikwa

Mwamba unapofukiwa chini ya milima kama hiyo, hubadilika bila kuyeyuka. Madini ya zamani huvunjika na kuundika upya katika sura inayostahimili joto na kani ya huko chini. Matope hugeuka na kuwa naisi, ule mwamba wenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi ambao kila aliyesafiri kwa barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa ameuona ukichomoza kandokando. Chokaa huwa marumaru, na mchanga huwa kwazaiti. Miamba ya aina hii huitwa miamba geu.

Wataalamu wamepima ni kiasi gani miamba ya Taita ilipikwa. Kipimo chao ni garneti, madini mekundu yanayoonekana kama punje za kunde ndani ya jiwe. Kiasi cha chuma, magnesi na kalisi kinachoingia ndani ya garneti hutegemea joto na kani ya mahali inapokulia. Kwa hiyo garneti inapokatwa na kuchunguzwa kwa mashine, hueleza ilikuwa kina gani.

Jibu lililopatikana ni kwamba miamba ya Milima ya Taita iliwahi kupashwa joto linalokaribia nyuzi 800, katika kina cha takriban kilomita 25 hadi 35. Kila kilichokuwa juu yake kimemomonyoka.

Kwa maneno mengine, mkazi wa Wundanyi hakai juu ya vilele vya milima ya kale. Anakaa juu ya mizizi yake. Vilele vilisagwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka, vikawa mchanga na kuteremka mabondeni na baharini. Milima inayoonekana leo imechongwa baadaye kutokana na kilichobaki.

Saa ndani ya chembe

Swali ambalo msomaji ana haki ya kuuliza ni hili: umri huo unajulikanaje, na hali hakuna aliyekuwapo?

Jibu liko ndani ya zirkoni, madini magumu ambayo chembe yake aghalabu ni ndogo kuliko punje ya sukari. Zirkoni inapojiunda hukaribisha urani kidogo, lakini huikataa risasi. Kadiri miaka inavyopita, urani hiyo hugeuka yenyewe kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya urani ya aina iliyo nyingi zaidi huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka. Anayepima kiasi cha urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa huweza kupiga hesabu ya umri.

Zaidi ya hayo, zirkoni haifi kwa urahisi. Mwamba ukipikwa upya, chembe ya zamani hubaki kiini na tabaka jipya hukua kuizunguka. Kiini hueleza mwamba ulizaliwa lini, na tabaka la nje hueleza ulipikwa lini.

Mmoja wa waanzilishi wa njia hii ni mwanasayansi Mwingereza, Arthur Holmes. Alichapisha matokeo yake ya kwanza ya kupima umri wa miamba kwa urani na risasi mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka huohuo alisafiri hadi Msumbiji kutafuta madini, ambako aliugua malaria. Miaka mingi baadaye, katika andiko lililochapishwa mwaka 1951, ni yeye aliyeupa mshono wa mashariki jina ambalo bado linatumika, yaani Mkanda wa Msumbiji.

Vipimo hivyo viligeuza fikira za zamani. Ramani za enzi ya ukoloni ziliichukulia miamba ya Ukambani na Taita kuwa miongoni mwa mikongwe kabisa, kwa sababu ilionekana kuchakaa na kupindika mno. Zirkoni imeonyesha kwamba sehemu kubwa ya upishi wake ulifanyika kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita. Mawe ya Kakamega na Migori, ambayo yanaonekana kutosumbuliwa sana, ndiyo ya zamani zaidi, tena kwa mbali.

Tanzania imetoa funzo jingine. Karibu na ukingo wa kratoni, kuna miamba ambayo viini vya zirkoni yake vina umri wa miaka bilioni 2.6 hivi, ilhali matabaka ya nje yana miaka milioni 640. Ni sehemu ya bara kongwe iliyovutwa ndani ya mgongano na kupikwa mara ya pili.

Vilevile, katika ukanda wa Usagara, mwaka 1995 watafiti walieleza miamba mizito yenye garneti ambayo hutokea tu pale ukoko wa bahari unapozamishwa kilomita nyingi chini ya bara. Umri wake ni takriban miaka bilioni 2. Ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi duniani kwamba mabamba yalikuwa tayari yakizama na kugongana wakati huo.

Kito cha kijani na yakuti

Upishi huo wa mashariki ndio uliozaa vito. Tsavoraiti ni garneti ya kijani inayojiunda pale matope ya baharini yenye grafiti yanapopikwa pamoja na madini yenye kalisi. Rangi yake hutokana na vanadi na kromi. Asili ya kito ghali kinachovaliwa vidoleni, kwa hiyo, ni tope jeusi la bahari iliyokufa.

Mwanajiolojia Campbell Bridges alikigundua kito hicho kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akakipata upande wa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Tiffany ya Marekani ilikipa jina mwaka 1974 kwa heshima ya Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi mwezi wa Agosti mwaka 2009, katika mzozo uliohusu uchimbaji, ishara chungu ya jinsi mali ya ardhini inavyoweza kumwaga damu juu yake.

Yakuti nyekundu ya Mangari, katika kaunti hiyohiyo, ina asili nyingine. Ilizaliwa pale miamba ya asili ya chini kabisa ya ukoko, yenye uhaba wa silika, ilipogusana na miamba mingine huku maji ya moto yakipita kati yake. Silika ikaondolewa, alumini ikabaki, na kromi kidogo ikaipa rangi nyekundu.

Yeyote anayeshuku habari za mgongano huo na aitazame Madagaska, kile kisiwa ambacho wazee wa Pwani walikiita Bukini. Huko nako kuna tsavoraiti na yakuti ndani ya miamba ya aina ileile na umri uleule. Kisiwa hicho kilikuwa kimeshikamana na pwani ya Kenya na Somalia kabla ya kuanza kujitenga na kuelekea kusini takriban miaka milioni 165 iliyopita.

Ufa hufuata mshono

Fundi cherehani anajua kwamba nguo kuukuu huchanika mara nyingi penye mshono. Bara nalo ni hivyo. Bonde la Ufa lilipoanza kufunguka katika miaka milioni 30 hivi iliyopita, halikuipasua kratoni katikati. Liligawanyika na kuizunguka. Tawi moja lilipita magharibi, penye maziwa ya Albert na Tanganyika, na jingine likapita mashariki, ndani ya Mkanda wa Msumbiji.

Sababu ni kwamba chini ya kratoni kuna mzizi mgumu na baridi unaoshuka kilomita 150 au zaidi. Mzizi huo ndio uliohifadhi almasi za Mwadui, mkoani Shinyanga, zilizogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, kwa kuwa almasi huhitaji kina kama hicho ili ijiunde. Ukanda wa mashariki, uliowahi kupashwa moto na kufumuliwa, ulikuwa dhaifu zaidi.

Lava zilizotoka katika ufa huo zimeufunika mshono kwa sehemu kubwa, na hivyo ni vigumu kuuona nchini Kenya kwa macho. Lakini mvuke wa Olkaria, ambao mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, unapatikana pale ulipo kwa sababu ya mahali mshono huo ulipopita.

Maji ya Ukambani

Si vito na dhahabu pekee vinavyoamuliwa na historia hii. Katika kaunti za Kitui, Makueni na Machakos, suala la miamba ni suala la maji ya kunywa.

Mwamba uliopikwa kwa joto kali hubanwa hadi ukakosa nafasi kati ya punje zake. Maji hayapiti humo. Yanapatikana tu katika tabaka la juu lililooza kwa mvua na jua, au ndani ya nyufa. Ndiyo maana kisima kimoja cha Kitui hutoa maji na kingine kilicho mita 100 kutoka hapo kikakauka, ingawa vyote vimegharimu pesa nyingi. Wakati mwingine maji yenyewe hupatikana yakiwa na chumvi.

Kabla ya kuchimba, ni busara kuwaita wataalamu wanaopima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, kwani ufa wenye maji huupitisha vizuri kuliko mwamba mkavu. Gharama ya kupima ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kutoboa mwamba bure.

Hata hivyo, mwamba huohuo unaonyima maji kisimani huyatunza mtoni. Naisi inapooza hutoa punje kubwa za kwazi, ambazo ndizo mchanga wa mito ya msimu ya Ukambani. Wakazi wakijenga ukuta kukatiza mto, mchanga hujaa nyuma yake, na robo au zaidi ya ujazo wa mchanga huo huweza kuwa maji. Jua haliyafikii, na mwamba usiopenyeka ulio chini huyazuia yasipotee.

Kila lori la mchanga linaloondoka kuelekea maeneo ya ujenzi jijini Nairobi, basi, huondoka pia na hifadhi ya maji ya kijiji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kudhibiti matumizi ya mchanga mwaka 2015 kwa sababu hiyo.

Haki ya aliye juu ya mwamba

Historia ya Kenya inaonyesha kwamba ujuzi wa miamba unapokuwa mikononi mwa wachache, hasara huwafika walio wengi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingebaki yao, na ikichukuliwa kwa shughuli za umma wangepewa nyingine. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, ahadi hiyo haikudumu. Desemba mwaka 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi yenye madini iweze kutwaliwa bila ya wenyeji kupewa ardhi nyingine.

Sheria za sasa ni tofauti. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba madini ni mali ya umma inayosimamiwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali penye uchimbaji. Sheria hiyo pia inawatambua wachimbaji wadogo na kuruhusu wapewe vibali.

Lakini asilimia 10 ya kitu kisichojulikana ni kiasi gani haiwezi kudaiwa. Mchimbaji wa Kasigau asiyejua thamani ya alichokitoa shimoni humuuzia dalali wa kwanza anayepita. Mchimbaji wa Migori asiye na njia nyingine ya kuitenga dhahabu hutumia zebaki, sumu ambayo huingia mtoni na kumrudia yeye na watoto wake kupitia samaki. Na yeyote anayechimba bila kuzisoma nyufa za mwamba ulio juu ya kichwa chake anahatarisha maisha yake.

Mfano wa Kwale unafaa kuzingatiwa. Mchanga wake mzito ulikuwa na madini ya titani pamoja na zirkoni, zote zikiwa zimetokana na mmomonyoko wa milima ya kale ya mashariki na kuteremshwa hadi pwani. Shehena ya kwanza ilisafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba mwaka 2024. Mchanga uliochukua mamilioni ya miaka kukusanyika ulimalizika katika muda wa takriban muongo mmoja.

Madini hayazaliwi upya kama mahindi. Yakishatoka, kinachobaki ni yale yaliyojengwa kwa mapato yake, au shimo. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Katika kaunti zenye miamba hii, njia ya kuwapata wajenzi ni kuanza na darasa: ramani ya miamba ibandikwe ukutani katika kila shule na katika kila kituo cha wachimbaji, ikiwa imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa.